Gnudi Zimeyeyuka, Ravioli Zimepasuka: Tafuta Maji Kwanza

Nilitia gnudi arobaini kwenye sufuria moja, nikageuka kuchukua sahani. Niliporudi hapakuwa na gnudi hata moja. Palikuwa na supu ya kijani, chembe za jibini zikielea juu. Hapo ni Malindi, jikoni kwa mama mmoja Mtaliano, mzaliwa wa Parma, aliyenifundisha kazi hii. Hakunigombeza. Alichukua konzi ya mboga zilizobaki bakulini, akaziminya kwa mkono mmoja, na maji ya kijani yakamtiririka mpaka kwenye kiwiko.

"Ulikamua mara ngapi?"

"Mara moja, Signora."

"Basi hukukamua."

Tangu siku hiyo, mtu akinieleza shida ya vyakula hivi, swali langu la kwanza ni maji yako wapi. Yamebaki kwenye mboga? Yamo kwenye jibini? Yamezidi au yamepungua kwenye unga? Au sufuria inatokota kwa fujo? Shida nyingi nitakazozitaja hapa zinaanzia huko, hata zile ambazo kwa macho zinaonekana ni za unga au za mkono.

Kwa ambaye hajazila: gnudi ni madonge madogo ya mboga na jibini kutoka Toscana, Italia, na jina lake maana yake ni "uchi", kwa sababu ni ravioli iliyovuliwa nguo, yaani kile cha ndani bila unga wa kukifunika. Kule Siena huitwa malfatti, "zilizoumbwa vibaya", na kweli hazitakiwi kuwa na umbo la kupendeza. Parma nao wana tortelli d'erbetta, vipande vya mstatili vya unga wa mayai vilivyojazwa mboga na jibini, ambavyo huliwa hasa usiku wa tarehe 23 Juni, mkesha wa Mtakatifu Yohane. Wenyewe wana msemo kwamba tortelli huzamishwa kwenye siagi na kukaushwa kwa jibini. Ravioli na tortelloni, nazo vipande vya unga vilivyojazwa, ni ndugu zao. Ndani ya zote mna mambo yaleyale: mboga, ricotta (jibini laini nyeupe), Parmigiano Reggiano (jibini ngumu ya kukunwa), yai na kungumanga. Ndiyo maana ugonjwa wa moja ni ugonjwa wa zote.

Kipimo changu ni hiki: mboga zilizokwisha kupikwa na kukamuliwa gramu 250, ricotta iliyochujwa gramu 250, Parmigiano ya kukunwa gramu 80, yai 1, kungumanga ya kukunwa kidogo, chumvi. Kwa gnudi ongeza vijiko 3 vya chakula vya unga. Kwa ravioli kijazo hakitiwi unga kabisa.

Gnudi zinasambaratika sufuriani

Anza na mboga. Zaidi ya sehemu tisa kwa kumi za jani la spinachi ni maji. Ukilichemsha linalegea, lakini yale maji hayaendi popote. Yanakaa katikati ya majani yakisubiri joto yatoke. Ukiyafungia ndani ya donge, yatatoka wakati donge limo sufuriani, nalo litafumuka.

Kukamua kuna hatua zake. Chemsha majani dakika mbili, yatie kwenye maji baridi, kisha uyakamue konzi moja moja, siyo rundo zima kwa pamoja. Halafu yakatekate madogo sana. Hapo wengi huishia, na hapo ndipo mimi nilipoishia siku ile. Kisu kikikata jani kinafungua maji mengine yaliyokuwa yamejificha, kwa hiyo ni lazima ukamue tena baada ya kukata. Waliokua wakikamua tui kwa kifumbu wanaijua kazi hii: unazungusha, unabana, unasubiri kidogo, unabana tena. Kifumbu chenyewe kinafaa, au kitambaa safi cha pamba. Nikimaliza ninazirusha mboga kwenye kikaango chenye siagi kidogo, moto wa wastani, na kusikiliza. Maji yakiwamo, kikaango kinalia shii mfululizo. Sauti ikififia na mboga zikaanza kushika chini, zimekuwa tayari. Fungu kubwa la sokoni litabaki ukubwa wa ngumi mbili. Usisikitike, ndivyo inavyotakiwa.

Na hapa niseme jambo ambalo watu wengi wa kwetu hawaambiwi. Kile kinachouzwa masokoni Kenya na Tanzania kwa jina la spinachi, lenye majani mapana yanayong'aa na bua nene jeupe, mara nyingi siyo spinachi halisi. Ni ndugu wa bitiruti, mmea ambao Waitaliano wanauita bietola. Ukisoma maelekezo ya Kiitaliano yanayosema "spinaci" ukadhani umekosa mboga, usijali: erbette zinazojaza tortelli za Parma ni mmea huohuo wa bietola, kwa hiyo fungu lako la sokoni liko karibu na Parma kuliko unavyofikiri. Tofauti ni bua. Litoe lote, kwa sababu lina maji mengi na nyuzi zinazotoboa unga. Lipike kesho na maharagwe. Mchicha nao unakubali, ingawa ladha yake ni nzito zaidi na jibini inazama kidogo. Sukuma wiki sikushauri. Jani lake ni gumu na halishikani na jibini.

Mboga zikiwa kavu na bado gnudi zinafumuka, geukia jibini. Chukua kijiko cha ricotta, kiweke juu ya karatasi ya kupangusia mikono, usubiri dakika tano. Doa la maji likitambaa mbali na jibini, haijachujwa. Itie kwenye kitambaa juu ya chujio, bakuli chini, iache kwenye friji usiku kucha. Asubuhi utamwaga maji ambayo yangeishia ndani ya gnudi zako.

Ricotta ni ghali huku kwetu, na sehemu nyingi haipatikani. Ricotta halisi inatokana na yale maji yanayobaki baada ya kutengeneza jibini nyingine: yanapashwa moto upya mpaka yaliyobaki ndani yagande, na ndiyo maana jina lake ni "iliyopikwa tena". Ya nyumbani tunaitengeneza kwa maziwa yenyewe. Pasha lita 2 za maziwa freshi mpaka yakaribie kuchemka, zima moto, tia vijiko 4 vya chakula vya maji ya ndimu, koroga mara mbili tatu taratibu, kisha uyaache robo saa bila kuyagusa. Yakigawanyika, mabonge meupe juu na maji ya kimanjano chini, chuja. Utapata kama gramu 350. Yakikataa kugawanyika, ongeza ndimu kijiko kimoja kimoja. Maziwa ya pakiti yanayokaa miezi kabatini bila friji yatakusumbua. Yanatoa chembe laini mno zinazoziba kitambaa na kubaki na maji. Maziwa lala yaliyochujwa nayo ni chachu mno kwa kazi hii.

Sababu ya tatu ni moto. Gnudi haitaki maji yanayoruka. Yaache yachemke, tia chumvi, kisha upunguze moto mpaka uso wa maji uwe unatikisika tu. Tia gnudi chache chache. Zikielea juu, hesabu dakika mbili, ziopoe kwa kijiko cha matundu. Kumwaga sufuria nzima kwenye chujio ni kuziua.

Kabla ya hayo yote, pika moja kwanza. Moja tu. Jaribio hilo lingeniokolea arobaini. Ikifumuka, ongeza kijiko kimoja cha unga kwenye mchanganyiko, uuweke friji nusu saa, ujaribu tena. Ikifumuka mara ya pili, acha kuongeza unga. Mwaga semolina (wengine wanaiita suji) kwenye sinia mpaka ufunike chini, panga gnudi juu yake, zinyunyizie semolina nyingine mpaka zifunikwe, na uziache friji mpaka kesho. Semolina inanyonya maji ya juu na kuacha ngozi nyembamba inayolishika donge. Mimi siku hizi ninafanya hivyo hata kama jaribio limefaulu, kwa sababu ngozi ile ina utamu wake: unauma, inapasuka kidogo, kisha unakutana na ulaini.

Gnudi ni ngumu, zinadunda kama mpira

Hii ni shida ya kwanza iliyotibiwa kwa dawa isiyo yake. Mchanganyiko ulikuwa na maji, mpishi akaona unanata, akaongeza unga, ukaendelea kunata, akaongeza tena. Unga wa ngano ukikutana na maji na ukakorogwa sana unajenga nyuzi zinazovutika. Kwenye chapati tunazitafuta nyuzi hizo, kwenye gnudi ni adui. Changanya kwa uma, acha mara tu usipouona unga mkavu, na uviringishe kwa viganja vilivyopakwa unga bila kubana. Donge likikunatia kidogo, liache likunatie.

Zilizokwisha kuwa ngumu hazirudi nyuma. Zikate nusu, uzikaange kwenye siagi mpaka ziwe rangi ya dhahabu, zitaliwa vizuri tu, ila siyo gnudi tena.

Unga wa ravioli unakatika, au unasukumwa na kurudi

Hizi ni shida mbili zinazochanganywa. Unga unaokatika na kuacha mipasuko pembeni umekosa maji. Unga unaosukumwa ukajirudisha kama mpira haujapumzika.

Kanuni ya Emilia, upande wa Italia zilipo Parma na Bologna, ni yai 1 kwa gramu 100 za unga, bila maji, na wengi hawatii hata chumvi. Lakini yai lao ni kubwa. Yai la kuku wa kienyeji ni dogo, na ukifuata hesabu ya yai kwa gramu mia utapata unga mkavu usioshikana hata ukiukanda saa nzima. Usihesabu mayai, yapime. Kwa gramu 300 za unga vunja mayai mpaka upate gramu 165 hadi 170 bila maganda. Likikosekana gramu chache, malizia na kiini. Kanda dakika kumi kamili kwa kitako cha kiganja, mpaka uso uwe laini kama ndewe ya sikio, ufunike usikauke, uuache nusu saa. Unga ukigoma kusukumika baada ya hapo, ufunike tena dakika kumi. Ukishindana nao utachoka wewe.

Angalia pia pakiti ya unga. Ukiwa umenunua ule uliochanganywa tayari na baking powder, ravioli zitavimba na kuwa na ulaini wa mkate. Unga mweupe wa kawaida, ule wa chapati, unatosha. Mti wa kusukumia chapati nao unatosha, ila gawanya unga matonge madogo; wanawake wa Bologna wanaosukuma unga kwa kazi, wanaoitwa sfogline, wana mti mrefu kupita mkono na meza pana ya mbao, sisi tuna kibao. Sukuma mpaka ukiweka mkono chini ya unga uone kivuli cha vidole vyako.

Ravioli zinapasuka zikichemka

Mkono uliozoea sambusa unakosea hapa, na ninasema hivyo kwa heshima maana mikono hiyo ndiyo ninayoipenda jikoni. Sambusa inajazwa mpaka itune, inafungwa kwa uji wa unga, na mafuta ya moto yanaikausha ganda papo hapo. Ravioli inaingia kwenye maji. Ganda lake linazidi kulainika kila dakika inayopita. Ukiitunisha, itapasuka.

Kijiko kimoja cha chai cha kijazo kinatosha kwa kipande cha sentimita 5. Weka, funika kwa unga wa juu, kisha anza kubana karibu kabisa na kijazo ukielekea nje, vidole vikizunguka, ukiisukuma hewa itoke. Hewa ndiyo inayopasua. Ikipata joto inavimba, inatafuta njia, na njia ni pale ulipobana vibaya. Ukishika ravioli moja ukaona kipovu ndani, kitoboe kwa sindano, kitoe hewa, ubane tundu. Inachukua sekunde tatu.

Ikiwa zinafunguka pembeni badala ya kupasuka katikati, unga ulikuwa umekauka au ulinyunyizia unga mkavu mwingi juu, na unga mkavu haushikani na mwenzake. Pangusa kwa brashi, pitisha kidole kilicholowa kidogo, bana. Sukuma na kujaza kipande kimoja kwa wakati, vingine vikiwa chini ya kitambaa. Feni ikiwa inazunguka juu ya meza, izime.

Halafu moto. Yote niliyosema kuhusu gnudi yanahusu na hizi.

Zimenata kwenye sinia, chini zimelowa

Kijazo kimevuja maji kupitia kwenye unga. Rudi kwenye kifumbu. Kwa leo, ziokoe kwa kuzichemsha mara moja. Siku nyingine tandaza semolina kwenye sinia, siyo unga, kwa kuwa unga ukilowa unageuka gundi, semolina inabaki chengachenga. Pwani yetu yenye unyevu hewani, usiziache mezani zaidi ya nusu saa.

Katikati zimeiva, kingo ngumu

Pembeni pana unga mara mbili. Ukishabana, zikandamize kingo kwa vidole mpaka unene wake ukaribie ule wa katikati, kisha ukate ziada. Ravioli mbichi inahitaji dakika 3 hadi 4. Onja ukingo, siyo tumbo.

Zimetoka nzuri, hazina ladha

Mboga, ricotta na unga vyote ni vipole. Ladha inaletwa na Parmigiano, chumvi na kungumanga, na kijazo kinatakiwa kionjwe kabla yai halijaingia. Kiwe na chumvi kuzidi kidogo unavyopenda, maana unga utaimeza. Parmigiano Reggiano inakomaa kwa miezi 12 au zaidi, na kwa ukavu wake inaleta ladha bila kuleta maji. Kama huna, tafuta jibini nyingine iliyokomaa na ngumu. Zile laini za kuyeyuka juu ya pitsa zitavuja.

Kungumanga ikunwe pale pale. Tunayo Unguja, inavunwa nyuma ya nyumba za watu, halafu tunanunua ya unga kwenye kichupa iliyokwisha kupoteza harufu. Punje moja nzima itakutosha miezi. Kwa kijazo cha kipimo changu, ikune mara sita au saba tu, kwani ikizidi inageuka dawa.

Na maji ya kuchemshia yatiwe chumvi, gramu 10 kwa lita.

Kijani kimekuwa rangi ya matope

Umefunika sufuria au umechelewa kutoa. Joto na asidi ya mboga zenyewe vinaharibu ukijani; sufuria ikiwa wazi na maji mengi, sehemu ya asidi inapotea. Dakika mbili, kisha maji baridi sana. Magadi yatakupa kijani kikali, lakini jani linakuwa kama uji na halikamuliki. Ravioli mbichi zilizolala friji zikiwa na madoa ya kijivu, huo ni unga wa mayai uliokaa sana. Usipange kuzilaza.

Siagi inateleza, inabaki chini ya sahani

Yeyusha siagi na majani ya salvia (mmea wa kunukia, kwa Kiingereza sage) mpaka inukie karanga, ongeza kijiko kikubwa cha maji ya sufuria, tikisa kikaango. Wanga uliomo kwenye maji hayo unaishikisha siagi. Salvia ikikosekana, acha siagi na jibini zifanye kazi peke yake.

Za kwenye friza zinapasuka

Ziliyeyuka kabla ya kuingia sufuriani. Zigandishe kwenye sinia zikiwa zimeachana, zikishakuwa kama mawe ndipo uzitie kwenye mfuko wa friza, na siku ya kupika zitoke friza ziingie moja kwa moja kwenye maji, dakika 5 au 6. Zikiguswa na joto la jikoni kwa robo saa tu, maji ya barafu yanalowesha unga kutoka ndani.

Zile chache zitakazopasuka hata hivyo, usizimwage. Siku ile ya gnudi arobaini, Signora aliichuja ile supu ya kijani kwenye kitambaa, akaibana mpaka mishipa ya mkono ikamsimama, akapiga yai, akatia Parmigiano, akaitandaza kwenye sahani ya udongo iliyopakwa siagi na kuitia ovenini dakika ishirini. Tukaila kwa mkate, ikiwa imekauka juu na kukwaruzika pembeni, na kesho yake asubuhi akanipa fungu jipya la mboga na kitambaa kilekile.